Usiitupe Kabla Hujatazama Kitakoni

Juzi usiku msomaji mmoja aliniandikia bila hata salamu. "Dada, bromelia yangu ilitoa ua, nikafurahi kweli. Sasa majani yanakauka moja moja kuanzia nje. Nimeongeza maji, nimeweka mbolea, nimebadilisha udongo. Nimekosea wapi?" Akaambatanisha picha ya mmea wenyewe, huu wa chunguni ulio ndugu wa nanasi. Nikaivuta kwa vidole mpaka kitakoni, pale majani yanapokutana na chungu, na hapo nikakiona kichipukizi cha kijani, kidogo kama ncha ya kidole gumba, kimejibanza nyuma ya jani lililokauka.

Nikamjibu: "Hujakosea. Sasa acha. Usiiguse." Halafu nikabaki na simu mkononi kwa muda mrefu, kwa sababu siku yangu ilipofika mimi sikuwa na mtu wa kumtumia picha.

Bromelia yangu ya kwanza kabisa niliitupa. Nilipewa na jirani aliyekuwa anahama, bromelia ya aina ya Neoregelia iitwayo 'Fireball', mmea mdogo usiozidi upana wa sentimita 15, majani mekundu ya kuiva kama divai, katikati pana kikombe kinachohifadhi maji. Nikaupenda kupita kiasi, na huko ndiko kuuharibu. Niliuweka kwenye kona ya sebule ambako wageni wangeuona, nikawa naulisha mbolea kila wiki kama mtoto wa kunyonyesha. Baada ya miezi michache wekundu ukatoweka. Majani yakarefuka, yakalegea, yakawa kijani tupu. Mgeni mmoja akaniuliza, "Hiyo kabichi utaipika lini?" Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ile kabichi inaniuma mpaka leo.

Ua nalo sikuliona. Neoregelia haisimamishi ua juu kujionyesha. Maua yake yanafunguka ndani ya kikombe, kwenye usawa wa maji, na kila moja hukaa siku moja tu kisha linanyauka. Nililokuja kuliona ni uchafu wa rangi ya kahawia kikombeni, nikasema mmea umeoza. Pembeni kulikuwa na vitu viwili vimetokeza kama vidole, vimejikunja kuelekea juu. Nilidhani ni mizizi iliyopotea njia. Nikabeba chungu kizima mpaka kwenye pipa la taka.

Wiki mbili baadaye ndipo nikasoma kwamba bromelia karibu zote huchanua mara moja tu katika maisha yao, kisha mama anaanza kufa taratibu huku akilea watoto pembeni. Kufa kwenyewe kunaweza kuchukua mwaka na zaidi, na muda wote huo majani yake yanawalisha. Vile vidole viwili vilikuwa watoto. Nilikimbilia pipani kama mwehu. Lilikuwa limeshamwagwa siku nyingi.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia, na wengine wenye picha kama yako, sikilizeni. Ua likishakauka, kazi yako ni kusubiri. Mtoto usimkate mpaka afike theluthi moja ya ukubwa wa mama, na akifika nusu ni bora zaidi. Ukimkata mdogo ataishi kwa shida, kama atakubali kuishi. Mbolea haimrudishi mama. Kubadilisha udongo hakumrudishi pia. Acha.

Miaka miwili iliyofuata siielezi, haina la maana, nilinunua na kuua. Naomba tuanzie pale nilipopata akili.

Dirisha langu lina upana wa sentimita 90. Sina bustani, na roshani yangu hata kiti haikitoshi. Najua na wewe huna nafasi, na najua pia unataka mimea ishirini, usinidanganye. Inawezekana. Hapo dirishani leo ninayo thelathini na moja, na sijabanwa. Siri ya kwanza ni kwamba bromelia hizi nyingi kwa asili hazikai ardhini, zinaishi juu ya matawi ya miti. Jamii yao ina spishi zaidi ya 3,000, karibu zote za bara la Amerika, isipokuwa moja pekee inayoota Afrika Magharibi. Nanasi ni ndugu yao, ila lenyewe lilichagua ardhi. Mizizi ya hizi za mitini kazi yake kubwa ni kushika. Maji na chakula vinaingia kwa majani, kupitia magamba madogo ambayo ukitazama kwa lenzi yanafanana na vumbi la fedha. Mmea usiohitaji udongo mwingi unakuruhusu kupanda kwenda juu, ukutani, kwenye kigogo, kwenye waya ulioning'inia. Usihesabu nafasi ya sakafu, hesabu nafasi ya hewa.

Siri ya pili ni mwanga. Na ya tatu ni mwanga.

Sisemi mzaha. Yule 'Fireball' wa pili, niliyemnunua kwa aibu, nilimweka karibu kabisa na kioo cha dirisha, nikamnyima mbolea kabisa. Mwezi wa tatu jani jipya lilitoka kikombeni likiwa na ncha nyekundu. La pili likatoka limeiva lote. Mmea ukajikunja, majani yakawa mafupi, magumu, yameshikana kama ngumi. Hapo nikaelewa kwamba udogo wa mimea hii si kitu cha kununua tu, ni kitu cha kuutunza. Giza na mbolea vinairefusha. Mwanga na njaa vinaifanya ibaki ilivyo. Ila usitoe mmea gizani na kuuanika juani siku hiyo hiyo, utaungua na lile baka la kahawia halifutiki. Songeza kidogo kidogo, wiki hadi wiki. Asiye na dirisha zuri atumie taa za LED, saa kumi na mbili kwa siku, mimea ikae karibu nazo.

Kuhusu maji sina mengi. Kikombe kisikauke. Kila wiki geuza chungu, mwaga maji ya zamani, jaza mapya, la sivyo utawafugia mbu wanaokuuma mwenyewe. Maji ya mvua ni bora, ya bomba yenye chumvi nyingi yanaacha madoa meupe kwenye majani. Chunguni weka magome ya mti yaliyokatwakatwa na vipande vya mkaa, maji yapite yasituame. Basi.

Sasa nieleze habari ya waya, ingawa sipendi kuieleza.

Nilikuwa nimepata kigogo kizuri sana, kimepinda kama mkono, na nilikuwa na Tillandsia ionantha tisa. Hizi ni zile zinazoishi hewani kabisa, kila moja inaenea kiganjani, na zikikaribia kuchanua majani ya katikati yanawaka wekundu kabla maua ya zambarau hayajachomoza. Nilitaka kigogo kipendeze, nikazifunga kwa waya wa shaba nyekundu, unang'aa, ukiupinda unatii. Nilipiga picha nikaitawanya kwa kila ninayemjua. Baada ya muda nikaona moja imebadilika rangi kitakoni. Nilipoishika, majani yote yakabaki mkononi mwangu na moyo wake ukabaki umefungwa kwenye waya. Nikagusa ya pili, hivyo hivyo. Zote tisa. Shaba ni sumu kwa jamii hii yote, na mimi nilikuwa nimezivisha sumu kama mkufu. Hata mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza mara nyingi zina shaba ndani yake, kwa hiyo usidake ubao wowote unaookota. Tumia uzi wa kuvulia samaki. Hauonekani, hauozi, hauui.

Na Tillandsia ukiilowesha, nusu saa mara moja kwa wiki, itoe uigeuze kichwa chini uipukute maji, iwe imekauka ndani ya saa nne. Jina lenyewe ni onyo. Linnaeus, yule mwanasayansi wa Uswidi aliyeipa mimea majina ya kisayansi, aliipa jina hilo kwa heshima ya Elias Tillandz, tabibu na mtaalamu wa mimea wa Turku, Ufini, ambaye inasimuliwa kwamba bahari ilimtesa sana katika safari moja mpaka akaapa kurudi kwa miguu, akauzunguka mkono wote wa bahari. Mmea unaochukia kukaa majini ukapewa jina la mtu aliyechukia maji. Mimi kila nikizipukuta namkumbuka mzee huyo.

Kama dirisha lako ni dogo kuliko langu, anza na Neoregelia lilliputiana au N. ampullacea. Hiyo ya pili kikombe chake ni chembamba kama chupa, kina mistari ya rangi ya damu ya mzee. Zote zinatoa watoto kwenye vishina virefu, kwa hiyo mmea mmoja unajitengenezea kundi lenyewe. Cryptanthus, bromelia ya ardhini, ni habari nyingine, yenyewe inalala bapa kama kiti cha pweza, haina kikombe, inataka udongo wenye unyevu. Wengi wanaiua kwa kuifanyia kama dada zake.

Nilianza na 'Fireball' mmoja, baada ya miaka mitatu nikahesabu kumi na wanne. Watano nilimpa mtu tuliyekuwa tukishauriana kila siku, nikamfundisha yote haya, mpaka uzi wa kuvulia nilimkatia mimi. Baadaye akaipeleka kwenye maonyesho, watu wakamsifu, akaulizwa alikoipata. Akasema ameiotesha mwenyewe, kwa juhudi zake. Nilikuwepo, nimesimama nyuma ya watu wawili. Sikusema neno. Lakini tangu siku hiyo kila mtoto anayetoka nyumbani kwangu ana kibandiko chenye jina na tarehe, na wewe fanya hivyo, si kwa ajili ya watu kama yule tu. Mimea hii midogo inafanana mno, na ukipoteza jina leo hulipati tena kesho. Mkusanyaji asiyeandika majina anajaza dirisha tu. Na usigawe kwa kutaka sifa. Nami najiambia.

Leo asubuhi yule msomaji ameniandikia tena. Kichipukizi kimeongeza jani. Kwa furaha amenunua bromelia nyingine nne, na anauliza kama zitakaa vizuri bafuni kwake, ambako hakuna dirisha.

Bado sijamjibu.