Usianze na Safu ya Maziwa

Barua za mwezi huu zimezidi nafasi, na karibu zote zinauliza habari za madume. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mhimilishaji, yaani napandisha ng'ombe kwa mbegu za dume bila dume mwenyewe kuwepo. Nimekuwa nikiingiza mkono nyuma ya ng'ombe kwa miaka 26, na bega langu la kushoto hutangulia redio kutangaza mvua. Nimechagua barua nne.

SWALI: Shikamoo mzee. Tuna ng'ombe watano wa maziwa. Mtaalamu wetu ametuletea orodha ya madume ya kurasa nane, imejaa namba tupu. Mume wangu anasema tumchukue mwenye maziwa mengi tufunge mjadala. Mimi nasita, maana ng'ombe wawili huumwa kiwele kila wakizaa, na wa tatu amerudia joto mara nne, mimba haikai. Tuanzie wapi kuisoma?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Orodha iacheni mezani kwanza, mlete daftari la zizi. Kama hamna daftari, kaeni wawili mkumbuke: kila ng'ombe aliyetoka kwenu kwa miaka mitano iliyopita, alitoka kwa nini? Yule wa mabaka aliuzwa kwa sababu hakushika mimba. Mwenzake alibaki na chuchu tatu. Mwingine alikuwa anachechemea kwato kila masika. Nimekaa kwenye vikao vya namna hii nyumba nyingi, na mara chache sana nimesikia ng'ombe aliyeondoka kwa kutoa maziwa kidogo. Wengi waliondoka na maziwa yao. Basi kile kinachowatoa ng'ombe zizini mwenu ndicho cha kutafuta kwenye orodha, na kwenu mmeshakitaja: kiwele na mimba.

Sasa namba. Dume hana maziwa, kwa hiyo zile kilo mnazoziona hazimhusu yeye. Zinasema binti zake, kwa wastani, wanatarajiwa kuwazidi au kupungukiwa na binti wa dume wa kawaida kwa kiasi gani, wakilishwa na kutunzwa sawa. Kumbuka neno wastani. Binti mmoja atapita pale, mwingine hatafika. Soma pia maelezo yaliyochapwa chini ya jedwali, hata kama herufi zake zinaumiza macho. Nchi nyingine huandika thamani nzima ya dume, na hapo binti hurithi nusu yake tu. Nyingine huandika kile kinachomfikia binti. Kuna mtego mwingine kwenye safu ya seli za maziwa, zile zinazoongezeka kiwele kikiugua, ndiyo inayoonyesha uimara wa kiwele. Kwenye orodha za Marekani namba ndogo ndiyo nzuri. Kwenye orodha kadhaa za Ulaya wastani ni 100, na kadiri namba inavyopanda juu yake ndivyo kiwele kilivyo salama. Nimeona mtu akichagua dume mbaya kuliko wote kwenye ukurasa, kwa furaha kabisa, kwa kusoma safu hiyo kinyume.

Halafu kuna asilimia ya uhakika. Dume kijana aliyepimwa vinasaba bila kuwa na binti wanaokamuliwa mara nyingi huwa na uhakika wa 70 hivi kwenye maziwa. Aliyekwisha kuwa na binti wengi hupita 90. Marekani walianza kutoa rasmi tathmini za vinasaba kwa Holstein, wale ng'ombe wa maziwa weusi kwa weupe, mwaka 2009, na tangu hapo vijana wamejaa kwenye orodha zote. Siwakatai vijana. Ila usimtegemee mmoja. Chukua watatu, ugawe mirija ya mbegu zao. Mmoja akikuangusha, wawili watakubeba.

Mume wako naye asionekane mjinga, maana hata mimi nilishawaza kama yeye. Mwaka wa nne wa kazi yangu nilimpandisha ng'ombe wangu mwenyewe kwa mbegu ya dume aliyekuwa juu ya wote kwa maziwa. Safu nyingine sikuzitazama. Alizaliwa jike mweusi, mrefu, na maziwa kweli alikuwa nayo. Alipozaa mara ya pili kiwele kilishuka chini ya vifundo vya miguu ya nyuma, chuchu za nyuma zikapishana kama miguu ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha uvivu. Nilimkamua kwa vidole viwili, nimepiga goti kwenye tope, ndoo haiingii. Akilala, chuchu zinakaa kwenye samadi. Mwezi wa tatu kiwele kilivimba upande mmoja kikawa kigumu kama ubao, na hadithi yake ikaishia hapo. Yale maziwa ya kwenye karatasi nilikuwa nayo. Ya kwenye ndoo ndiyo sikuyaona.

Na haikuwa bahati mbaya yangu peke yangu. Dunia nzima ilipokazana na maziwa tangu miaka ya 1960, uwezo wa Holstein kushika mimba uliteremka mwaka hadi mwaka, kwa sababu sehemu ya vinasaba vinavyoongeza maziwa huvuta rutuba chini. Wanorwei waliliona mapema. Tangu miaka ya 1970 walikuwa wakipima madume wao pia kwa mimba na magonjwa ya kiwele ya binti zao. Marekani waliingiza muda ambao binti hudumu zizini na seli za maziwa mwaka 1994, na mimba za binti mwaka 2003, na baada ya hapo mteremko ukakoma.

Wasomaji hunibishia hapa: "Mzee, si wanasema rutuba hairithiwi?" Inarithiwa kidogo. Ukiwatazama ng'ombe wanaotunzwa pamoja, tofauti zao za maziwa hutokana na damu kwa kama robo au zaidi. Kwa mimba ni chini ya asilimia 5. Kinachobaki ni lishe, joto lililopita bila kuonekana, na mkono wa mtu kama mimi. Lakini kidogo hicho hakitoki tena kikishaingia. Dawa ya kiwele utainunua kila mara anapougua. Kiwele kizuri unakichagua mara moja, na mjukuu wake anakuja nacho.

Kwa hiyo chukua kalamu. Futa madume wote walio wabaya kuliko wastani kwa mimba za binti, kwa seli, na kwa umbo la kiwele. Kurasa nane zitabaki mbili. Hapo sasa mwite mume wako achague maziwa, na akitaka mafuta achague mafuta. Msiwe na haraka: mimba miezi tisa, ndama kukua hadi kupandishwa miezi kama 15, mimba yake miezi tisa tena. Mrija wa leo utaukamua baada ya miezi 33, na hapo ndipo mtajua kama mlibishana vizuri.

SWALI: Nina ng'ombe wawili wanaotoa maziwa sawasawa. Mmoja ni mkubwa kama nyumba na anamaliza hori mbili, mwenzake mdogo anabakiza. Je, kuna dume wa kunipa ng'ombe wasiokula sana? Chakula kinanimaliza.

JIBU: Kinammaliza kila mtu, ndugu yangu. Kwenye gharama za kukamua, chakula ndicho kinachobeba karibu nusu au zaidi. Na umeshaliona jibu kwa macho yako bila kunihitaji. Kabla ng'ombe hajatoa hata glasi ya maziwa, mwili wake unachukua fungu lake: kupumua, kusimama, kusukuma damu. Ng'ombe wa kilo 600 anahitaji karibu robo zaidi ya yule wa kilo 450 kwa kazi hiyo tu. Wakikupa maziwa sawa, yule mkubwa anakula robo hiyo kwa ajili ya ukubwa wake. Watu wanapenda ng'ombe mrefu, anapendeza kwenye maonyesho. Mimi urefu kwenye orodha nautazama kama mzigo mpaka unishawishi vinginevyo.

Lakini kuna jambo la ndani zaidi. Hata ng'ombe wawili wa uzito mmoja na maziwa mamoja hawali sawa. Watafiti hukokotoa ng'ombe wa uzito huu na maziwa haya angepaswa kula kiasi gani, kisha wanapima alichokula kweli. Wanaokula pungufu ya matarajio ndio wanaotafutwa, na tabia hiyo inarithiwa kwa kiasi cha kutosha kuchaguliwa. Kazi ni kupima: kila ng'ombe anahitaji hori lake lenye mizani, na kwenye vituo vingine lango la hori humtambua mwenye zamu kwa kifaa alichovaa na kumfungia mwizi. Ndiyo maana wanaopimwa ni wachache, na uhakika wa namba hizi uko chini sana kuliko wa maziwa. Australia walianza kutoa alama ya chakula kinachookolewa mwaka 2015, Marekani wakafuata Desemba 2020, na zote zinaunganisha uzito wa mwili na ule ulaji pungufu. Ukiiona kwenye orodha yako, itumie kuamua kati ya madume wawili walio sawa kwa mengine. Usianze nayo.

Kwako nyumbani, chukua mizani ya kuning'iniza. Kwa wiki mbili pima unachompa kila mmoja asubuhi na jioni, kisha pima anachobakiza, maana ndicho watu husahau. Uzito kadiria kwa utepe wa kifua, nyuma ya miguu ya mbele. Halafu pitisha mkono mgongoni na kiunoni kwa yule mdogo. Kama amezaa juzi na vidole vyako vinahesabu mifupa, hajabana matumizi. Anakamuliwa nyama yake mwenyewe, na deni hilo utalilipa atakapokataa kushika mimba. Pima tena mimba ikiwa imekaa ndipo umsifu.

Nikuongeze moja ambayo haimo kwenye orodha yoyote. Mtamba, yaani jike ambaye hajazaa bado, hula miaka miwili bila kukupa kitu. Akiondoka baada ya kuzaa mara mbili, miaka hiyo imegawanywa kwa mizao miwili. Akizaa mara sita, imegawanywa kwa sita. Na anayerudia joto mara nne kama wa yule dada wa barua ya kwanza anazidi siku 84 za kula huku maziwa yakishuka. Dume wa binti wanaodumu na wanaoshika mimba ni dume wa kuokoa chakula, hata kama hakuna aliyemwandika hivyo.

SWALI: Mzee, hizi mirija za nini? Dume wangu nimemlea mwenyewe, mpole, ana miaka minne, na amepandisha ng'ombe wangu wote pamoja na mitamba aliyoizaa. Ndama wanazaliwa. Shida iko wapi?

JIBU: Shida iko kwenye hiyo sentensi yako ya katikati. Baba akimpanda binti yake, robo ya vinasaba vya ndama inatarajiwa kuwa nakala mbili za kitu kilekile kimoja. Kikiwa kizuri, sawa. Kikiwa kibovu, hakina wa kukifunika. Utaona ndama wadogo, wanaokufa wiki ya kwanza, wanaokua kwa kusuasua, na mimba zinazopotea kabla hujajua zilikuwepo. Dume anayekaa zizini zaidi ya miaka miwili tangu aanze kazi atawakuta binti zake wamekomaa. Muondoe, au mbadilishane na mtu wa mbali, naye apimwe kwanza magonjwa ya kutupa mimba, kwa sababu dume anayezunguka huyabeba bila kuonyesha dalili.

Usidhani mirija inaponya tatizo hili yenyewe. Kulikuwa na dume wa Holstein huko Marekani aliyezaliwa 1962, Pawnee Farm Arlinda Chief. Binti zake walizidi 16,000, na damu yake imesambaa hadi kufikia kama asilimia 14 ya vinasaba vya Holstein wa huko. Dume wa maziwa hasa. Alikuwa pia na kasoro moja iliyojificha: ndama akiirithi kwa baba na kwa mama, anakufa tumboni. Mahali ilipo paligunduliwa mwaka 2011, na watafiti walikuja kukadiria kwamba imepoteza mimba nusu milioni duniani. Wafugaji miaka yote hiyo walikuwa wanasema ng'ombe amerudia joto tu. Kwa hiyo hata kwa mirija, andika jina na namba ya dume kwenye daftari, mama hadi bibi. Mhimilishaji asiyekuuliza baba wa ng'ombe kabla ya kufungua mtungi wa mbegu, mrudishe.

SWALI: Mtamba wangu ana miezi 15 na afya nzuri. Nataka mbegu za majike tu. Jirani ananiambia hazishiki. Ni kweli?

JIBU: Jirani amezidisha kidogo. Zinashika, ila chini ya mbegu za kawaida, kwa sababu zimepita kwenye mashine inayozichambua moja moja: mbegu inayoleta jike imebeba vinasaba zaidi ya inayoleta dume kwa karibu asilimia 4, na kwa tofauti hiyo ndogo ndipo hutenganishwa. Safari hiyo huzichosha. Kwa hiyo mtamba mwenye afya ndiye wa kumpa, sio ng'ombe mkubwa mwenye historia ya kurudia. Mpime utepe kwanza, awe amefikia angalau asilimia 55 ya uzito wa mama yake. Kwenye orodha nenda moja kwa moja kwenye safu ya urahisi wa kuzaa. Kwa mtamba hiyo ndiyo safu ya kwanza, kiwele kinafuata.

Halafu saa. Akisimama kupandwa na wenzake asubuhi, niite jioni hiyohiyo. Akisimama jioni, niite kesho asubuhi. Sio "alionekana hivi juzi". Mbegu hizo huleta majike tisa kwa kila ndama kumi. Wako akiwa yule wa kumi, usinipigie simu.