Kabla Hujamfokea Mwenzako wa Kikosi

Kwa miaka mitano nimekuwa nikicheza PUBG Mobile, mchezo wa vita wa kwenye simu, na watu watatu ambao sijawahi kuonana nao ana kwa ana. Mmoja yuko Mwanza, mwingine Mombasa, na wa tatu ni Mswahili wa Maskati ambaye babu yake aliondoka Unguja. Mimi niko Tanga. Tukiahidiana saa nne usiku, yule wa Maskati huingia saa yake ikisoma saa tano, na hata siku moja hajatuchelewesha.

Katika mchezo huu, wachezaji wapatao 100 hushuka kwa miavuli kwenye kisiwa, wengi wao wakiwa katika vikosi vya watu wanne. Ukiangushwa, hutambaa huku uhai ukikuishia, mpaka mwenzako aje kukuinua, na kukuinua kunamlazimu kuacha kupigana na kujiweka hatarini. Sekunde hizo chache ndizo zinazojenga urafiki au kuuvunja, kwa sababu aliyeanguka hana silaha nyingine ila ulimi.

Mimi nimeutumia vibaya ulimi huo. Usiku mmoja, zoni, yaani eneo salama linalozidi kupungua, ikiwa imebana na vikosi vitatu tu vimebaki, yule wa Mwanza, ambaye alikuwa na wiki mbili tu kwenye kundi letu la WhatsApp, alisimama ghafla hatua chache kutoka nilipoanguka. Nilimwita mara tatu, hakusogea. Tulipotolewa nikaandika kwenye kundi maneno ambayo nisingethubutu kumwambia mtu barazani. Baada ya robo saa akarejea mchezoni, maiki yake ikiwa wazi, na nyuma yake nikamsikia mwenye duka akimwambia, "Chenji yako hii." Alikuwa ametoka usiku ule kununua vocha ya shilingi 500. "Samahanini wakubwa," alisema, "bando lilikata." Ujumbe wangu alikuwa bado hajaufungua. Niliufuta, nikamweleza nilichokuwa nimeandika, nikamwomba radhi mbele ya wenzetu.

Tangu hapo tuna desturi ambayo ninaipendekeza kwa kila kikosi: aliyeangushwa hutaja tu alipo adui, kwa mfano "dira 240, nyuma ya ukuta," na lawama yoyote husubiri mpaka mechi iishe. Ikiisha, swali la kwanza huwa "umepatwa na nini?" Mara nyingi jibu ni umeme, ni mtandao, au ni mama anaita.

Dada yetu wa Mombasa alicheza nasi miezi minne akiandika tu, bila kufungua maiki, na nilidhani hana maiki. Siku alipozungumza kwa mara ya kwanza tulikuwa na mgeni mmoja kikosini, na kabla hajamaliza sentensi mgeni yule alianza kumtolea maneno machafu. Ushauri wangu hapa hauna masharti: anayeongoza kikosi amnyamazishe mtu huyo papo hapo, amripoti, na kikosi kitoke hata kama pointi zitapotea. Kumshauri dada azime maiki ni kumwadhibu aliyekosewa, tena mbele ya waliomkosea.

Wapo wanaosema kwamba urafiki wa namna hii ni wa kupita tu. Ninamkumbuka Mats Steen, kijana wa Norwei aliyekuwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli na aliyefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake walihuzunika wakiamini kwamba mtoto wao aliishi mpweke, mpaka walipotangaza msiba kwenye blogu yake na kuanza kupokea barua pepe kutoka nchi mbalimbali za Ulaya, zilizoandikwa na watu waliocheza naye World of Warcraft, ambako alijulikana kama Ibelin. Baadhi yao walisafiri kwenda kumzika. Waliweza kufika kwa sababu kijana huyo aliwaachia wazazi neno la siri la blogu yake. Bila hilo, marafiki wangeona tu kwamba Ibelin haingii tena.

Kwa hiyo namba za wenzangu watatu nimeziandika kwenye daftari la mdogo wangu wa kike, kila moja na jina halisi la mwenyewe kando ya jina la mchezoni. Yule wa Maskati naye amempa mkewe namba zetu.