Seva tatu bado ziko CentOS 7: FreeBSD kwa kazi ipi, Debian kwa ipi

Mkuu mleta mada, nimesoma swali lako na majibu ya wadau hapo juu. Kwa anayeingia sasa hivi: jamaa ana seva tatu za ofisi ambazo bado ziko CentOS 7, Linux ya bure iliyokwisha muda wake. Ya kwanza inabeba mfumo wa wanachama (PHP na MySQL), ya pili barua pepe na mafaili, ya tatu ndiyo lango la kutokea intaneti. Mkaguzi kasema ziondoke huko, bosi hataki kulipia leseni. Mtu mmoja kamshauri FreeBSD (mfumo endeshi wa bure wa seva, si Linux), mwingine kamjibu kwamba huo ni wendawazimu, weka Ubuntu ukalale.

Mimi nimekaa miaka nikiendesha FreeBSD na Debian (Linux ambayo Ubuntu imetokana nayo) ofisi moja, chumba kimoja, kwa hiyo sina upande ninaoushabikia. Ila mabishano ya mfumo upi una kasi zaidi nimeyaacha zamani. Swali ninalouliza ni moja: sasisho likiharibu mambo saa saba usiku, narudi vipi nilikokuwa, na itanichukua muda gani? Kusakinisha mfumo mpya hakumshindi mtu. Kazi iko kwenye kupanda toleo, na kushuka ukikwama.

Kuhusu CentOS yenyewe, mdau mmoja hapo juu amechanganya. CentOS 7 ilifika mwisho tarehe 30 Juni 2024, tangu hapo hakuna viraka vya usalama vya bure. Toleo la 8 ndilo lililowashtua watu: lilitarajiwa kuishi hadi 2029, lakini Desemba 2020 Red Hat wakatangaza kwamba linaishia mwisho wa 2021. Kilichobaki ni CentOS Stream, ambayo inaitangulia RHEL (Linux ya kulipia ya Red Hat) badala ya kuifuata. Hapo ndipo zilipozaliwa AlmaLinux na Rocky Linux, mbadala wa bure wa RHEL, zote 2021. Kama aliyewauzia mfumo wa wanachama ameandika kwenye mkataba kwamba anahudumia RHEL na jamaa zake tu, usihangaike na maelezo yangu yote yanayofuata. Weka Alma au Rocky toleo la 9, viraka vipo hadi 2032. Ukiwa unatumia cPanel (paneli ya kusimamia seva za tovuti) jibu ni hilohilo, FreeBSD haihudumiwi nayo. Ila angalia mashine kabla ya kukimbilia toleo la 10. Rocky 10 inadai prosesa zenye AVX2 (maagizo ya prosesa za kisasa), na zile seva za Dell PowerEdge R720 za mtumba hazina. AlmaLinux wao wametoa toleo la pembeni kwa mashine za kizamani.

Sasa FreeBSD. Kwanza si Linux. Imetokana na BSD ya Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, na toleo lake la kwanza ni la 1993. Kerneli (kiini cha mfumo) na zana za msingi vinaandikwa na kundi moja na kutolewa pamoja, halafu programu unazoongeza mwenyewe zinakaa chini ya /usr/local. Mipangilio ya nginx (programu ya seva ya wavuti) iko /usr/local/etc/nginx, ya mfumo iko /etc/rc.conf, huna haja ya kubahatisha nani kaweka faili gani wapi. Watu hupenda kutaja kwamba Netflix inarusha filamu zake kutoka kwenye seva za FreeBSD, na kwamba WhatsApp mwaka 2012 walishikilia miunganisho zaidi ya milioni 2 kwenye seva moja ya FreeBSD. Ni kweli, lakini wewe si Netflix na hiyo isikupe sababu ya kuamua.

Kilichonifanya nibaki nayo kwenye seva ya barua pepe ni ZFS, mfumo wake wa kuhifadhi mafaili kwenye diski, na kitu kinachoitwa mazingira ya kuwaka, yaani hali ya mfumo iliyohifadhiwa ambayo unaweza kuiwasha tena. Nikupe mfano wa usiku tuliopanda kutoka 13.2 kwenda 14.0. Kabla ya kugusa chochote:

bectl create kabla-ya-14

Amri hiyo inamaliza ndani ya sekunde, kwa sababu haikopi kitu, inaweka alama tu kwenye ZFS. Baada ya hapo freebsd-update (amri ya kusasisha mfumo), kuwasha upya, vifurushi vyote kuwekwa tena, na kila kitu kikawaka. Postfix (ya kupokea na kutuma barua) ikapokea, Dovecot (ya kuzisomesha) ikajibu, simu za watu zikavuta barua. Asubuhi mapokezi wakapiga simu: mashine ya fotokopi inayotuma skani kwa barua pepe imegoma. Logi ya Postfix ilionyesha mashine ile inajaribu TLS 1.0, usimbaji wa kizamani wa mawasiliano. Toleo la 14 limekuja na OpenSSL 3, maktaba ya usimbaji ambayo kwa mipangilio yake ya kawaida haikubali tena TLS ya zamani namna hiyo. Na siku ile ilikuwa ya kufunga hesabu, idara nzima inaskani. Nikaandika bectl activate kabla-ya-14, nikawasha upya, na muda uliotumika ni ule wa seva ya Dell kuhesabu RAM yake na kuwaka. Skani zikaendelea. Mwisho wa wiki nikaifungulia fotokopi mlango wake peke yake ndani ya mtandao wa ofisi, nikapanda tena 14, hakuna aliyejua. Matoleo ya siku hizi freebsd-update huweka alama hiyo yenyewe, ila mimi bado naiandika kwa mkono ili niipe jina ninaloelewa.

Lakini hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo soma taratibu. Kwa mpangilio wa kisakinishi, /var/log na /var/mail ziko kwenye dataseti zao (sehemu za ZFS zinazojitegemea), ila /var/db imo ndani ya mazingira ya kuwaka. MySQL na PostgreSQL kwenye FreeBSD zinaweka data zake /var/db. Maana yake ukirudi nyuma kwa bectl, hifadhidata nayo inarudi na miamala ya tangu jana huioni. Kabla hujasakinisha MySQL, itengenezee dataseti yake, uiwekee recordsize (ukubwa wa kipande cha data) ya 16K ilingane na kurasa za InnoDB, injini ya MySQL, maana chaguo-msingi la ZFS ni 128K. Foleni ya Postfix iliyo /var/spool itenge vilevile. Na ukishapanda toleo usikimbilie zpool upgrade hata kama zpool status inakukumbusha kila siku. Ukiipandisha pool (kundi la diski za ZFS), mfumo wa zamani unaweza usiweze kuisoma, basi ile njia ya kurudi umeifunga mwenyewe.

Faida nyingine ya ZFS kwetu huku ni umeme. Unakatika, jenereta inachelewa, betri ya UPS imechoka na hakuna aliyeikagua tangu inunuliwe. ZFS haiandiki juu ya data ya zamani, inaandika pembeni kisha inahamisha kielekezi, kwa hiyo seva ikizimika ghafla inawaka bila fsck (ukaguzi wa diski) ya kusubiri hadi chai ya saa nne. Sharti ni kwamba diski zisiwe za kudanganya, yaani zile zinazosema zimeandika kumbe bado. Na ZFS inataka ione diski zenyewe, si diski moja ya kubuni iliyotengenezwa na kadi ya RAID. Kadi kama PERC H330 unaibadilisha kuwa HBA (kadi inayozipitisha diski zilivyo bila RAID) kwenye mipangilio yake na mambo yanakwenda. Kama kadi yako haina chaguo hilo, nunua HBA ya mtumba au achana na ZFS. Halafu kama MySQL na ZFS vinakaa mashine moja yenye RAM ndogo, wekea ARC (RAM ambayo ZFS huitumia kuhifadhi data kwa muda) kikomo, la sivyo vitagombania kumbukumbu usiku kucha.

Mapungufu sasa, maana mdau aliyesema wendawazimu hakukosea kabisa. Docker, ile ya kuendesha programu ndani ya kontena, haifanyi kazi FreeBSD. Podman, mbadala wake, ipo njiani, ila mimi siitegemei kazini. Kuna jela (njia ya FreeBSD ya kutenga programu), ambazo zipo tangu toleo la 4.0 mwaka 2000, kabla watu hawajaanza kuimba kontena, na nazipenda kuliko kontena, lakini kama watengenezaji wenu wanakupa faili la Compose la Docker, jela hazitawasaidia. Pili ni watu. Wakongwe wa kampuni za intaneti waliopitia mafunzo ya AfNOG (kundi la wataalamu wa mitandao Afrika) miaka ya 2000 walikutana na FreeBSD darasani, ila ukitangaza nafasi leo, vijana wanaokuja wanajua Ubuntu na kidogo AWS (seva za kukodi za Amazon). Si vibaya, wanajifunza, mwongozo rasmi wa FreeBSD ni mzuri kuliko mingi niliyosoma. Ila kama uko peke yako na unapanga kuondoka mwakani, usimwachie mwenzako kitu ambacho hajawahi kukiona.

Kwa hiyo kwa seva zako, moja moja.

Mfumo wa wanachama: Debian. Na tatizo lako hapo wala si mfumo endeshi. CentOS 7 ilikuja na PHP 5.4, Debian 13 ina PHP 8.4. Nenda kwenye saraka ya mfumo uandike grep -rn "mysql_query" . uone mistari inayorudi. Zile amri za PHP zinazoanza na mysql_ ziliondolewa tangu PHP 7.0, kwa hiyo kila mstari utakaouona ni wa kuandikwa upya. Hapo ndipo bajeti yako itakapokwenda, na bosi ajue leo, si siku ya kuhamisha. Debian nayo ina MariaDB, hifadhidata iliyotokana na MySQL, badala ya MySQL, kwa mifumo mingi ya namna yako haitakusumbua, jaribu tu na nakala ya data halisi. Utapata miaka mitatu ya viraka kamili na LTS (huduma ya muda mrefu) inaifikisha mitano.

Barua pepe na mafaili: FreeBSD, kwa sababu nilizoeleza.

Lango: kwako wewe weka OPNsense, ambayo chini yake ni FreeBSD ila ina ukurasa wa kubofya, hivyo hata asiyezoea amri ataona sheria za fayawoli. Lingekuwa langu ningechagua OpenBSD, ndugu wa FreeBSD, maana fayawoli ya pf ilizaliwa huko na faili la sheria linasomeka kama maandishi ya kawaida. Ila ina toleo jipya kila miezi sita na inahudumia matoleo mawili ya mwisho tu, ukilala mwaka umebaki bila viraka. Unajijua mwenyewe.

Jambo la mwisho ambalo hujauliza: weka hifadhi ya vifurushi ndani ya ofisi. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika kule kusini, wengi Tanzania walikaa na intaneti ya kubahatisha. Waliokuwa na poudriere (ya FreeBSD) au apt-cacher-ng (ya Debian), yaani hifadhi za vifurushi, pembeni waliendelea kuweka viraka walivyokwisha kuvishusha. Mashine yoyote kuukuu yenye diski kubwa inatosha.

Kabla ya kuamua lolote, andika faili la memstick (kisakinishi cha flashi) la FreeBSD kwenye flashi, washa kila seva kwa hiyo flashi, chagua Live, usisakinishe kitu. Andika amri dmesg na pciconf -lv, zinazoorodhesha vifaa vya mashine, nakili majibu uyaweke hapa. Kadi ya mtandao ikiwa Intel sina wasiwasi. Ikiwa Realtek tutaongea. Na utuambie kadi ya RAID ni ipi.