Namba moja si shahidi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Umepimwa presha duka la dawa, ikatoka 148 kwa 92, muuzaji akasema uanze vidonge, nawe unaniuliza uanze au usianze. Kwanza niambie ulipimwaje. Ulikuwa ndiyo kwanza unashuka kwenye daladala? Ulisimama kaunta? Kitambaa kilifungwa juu ya sweta?

Maana yaliyompata bibi yako sijayasahau. Siku ile alipanda ngazi za kliniki, akapimwa kabla pumzi haijamrudia, huku akiulizwa maswali na kuyajibu. Ikasoma 170. Dozi ikaongezwa palepale. Wiki hiyohiyo akaamka usiku, kizunguzungu kikamwangusha mlangoni. Mama yangu, sakafuni! Mpaka leo nikiuona mlango ule roho inaniuma.

Ndipo shangazi yako akanunua mashine, ile ya kufunga juu ya kiwiko. Asubuhi kabla ya chai na dawa, kisha jioni, bibi anakwenda haja ndogo, anakaa dakika tano ameegemea kiti, nyayo chini, mkono mezani usawa wa moyo. Sote tulifukuzwa sebuleni ili asiongee! Anapima mara mbili, katikati anapumzika dakika moja. Baada ya siku saba daktari mwingine alilisoma daftari mstari kwa mstari, akaiacha siku ya kwanza, akapiga wastani wa zilizobaki: 128 kwa 76. Dozi ikapunguzwa. Bibi yako alitoka mle kama bibi harusi.

Namba moja si shahidi. Nilisema wakati ule na leo nasema.

Lakini nikisema hivyo namkumbuka baba yako mdogo. Naye alisema ni uchovu wa safari tu, na kweli hakuumwa popote, hadi kiharusi kilipomchukua mkono wa kulia. Presha inaweza kupanda miaka mingi na mtu asihisi kitu. Basi daftari lisiwe kisingizio. Wiki moja, halafu mpelekee daktari, hasa wastani ukifika 135 kwa 85. Kwa vipimo vya nyumbani hapo tayari ni juu, ingawa hospitali huhesabu kuanzia 140 kwa 90.

Unataka niseme anza au usianze. Jibu ninalo, liko ulimini, na mama yako ananihimiza nilitoe. Nalizuia kwa shida, kwa kuwa namba moja si shahidi, na mimi si daktari. Hili tu silizuii: ukiona 180 kwa 120, na kifua kinauma, au pumzi inakata, au upande mmoja unalegea, au maneno hayatoki, usingoje kupima tena. Hospitali, saa hiyohiyo.

Pesa ya mashine nimekutumia kwa simu. Mwambie muuzaji apime kwanza unene wa mkono wako. Kitambaa kikiwa kidogo, namba hupanda bure.

Baba yako