Dada wa Kadutu, bwana wako arudie dawa

Dada, umeandika kwamba bwana wako ameacha dawa za VVU tangu pasta atangaze amepona, nawe unaogopa kumpinga usije ukaitwa mtu asiye na imani. Pole sana. Dawa huvidhibiti virusi, lakini haziviondoi kabisa mwilini. Akiziacha vinaongezeka tena, mara nyingi ndani ya wiki chache. Akimeza kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hatakuambukiza kitandani. Kwa sasa tumieni kondomu, nenda ukapime. Kama mmelala pamoja ndani ya saa 72 zilizopita, omba leo hii dawa za kuzuia maambukizi. Hapa Bukavu wapo wanaoficha vidonge kwenye ndoo ya unga, wakikwepa macho ya wamama wa kanisa. Aibu hiyo ndiyo inayotuumiza! Mwambie bwana arudi kituo cha afya, na maombi aendelee nayo.