Jibu: Wi-Fi inakatika kila maikrowevu ikiwashwa

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini intaneti hukatika kila chakula kinapopashwa moto, na kama hiyo ni mionzi hatari. Mawimbi ya jiko la maikrowevu yako kati ya redio na infraredi, chini ya mwanga. Hayavunji molekuli kama eksirei; kazi yake ni kupasha joto.

Magnetroni, sehemu ya jiko inayozalisha mawimbi, hutoa mawimbi ya karibu gigahezi 2.45, na Wi-Fi ya bendi ya 2.4 iko hapo hapo. Ruta hutoa takriban wati 0.1, jiko wati 800. Hata uvujaji wa mawimbi ulio ndani ya kiwango salama, yaani miliwati 5 kwa sentimita ya mraba ukipima sentimita 5 kutoka mlangoni, unatosha kuifunika ruta. Kwa hiyo Wi-Fi kukatika peke yake si ushahidi kwamba jiko ni bovu.

Kwanza angalia kwenye simu kama ruta ina jina la pili, mara nyingi lenye 5G mwishoni, yaani bendi ya gigahezi 5. Hamia hapo, ila bendi hiyo haipenyi kuta vizuri. Kama halipo, weka chaneli 1 kwenye mipangilio ya ruta, ndiyo iliyo mbali zaidi na masafa ya jiko, kisha sogeza ruta mita 3 au zaidi kutoka kwenye jiko.

Halafu kagua mlango: bawaba zilizolegea, kingo zenye mafuta yaliyoganda, wavu uliotoboka. Mlango ukipinda, acha kulitumia jiko kabisa. Na tafadhali usifungue bodi mwenyewe, kapasita, kifaa cha ndani kinachohifadhi umeme, huweza kubaki na chaji ya maelfu ya volti hata plagi ikichomolewa.