Vladimir au Volodymyr?

Dada, hongera kwa ujauzito. Umeuliza kama mwanao akiitwa Vladimir badala ya Volodymyr, jina la babu wa mumeo kule Ukraine, litakuwa jina lilelile. Asili ni moja, lakini ningekuwa wewe ningeandika Volodymyr kwenye cheti. Vladimir ni umbo la Kirusi, na kwa wakwe zako herufi hizo chache zinagusa moyo, hasa wakati huu wa vita.

Vlad au volod ni kutawala. Sehemu ya pili wengi huifasiri kuwa "amani" kwa sababu ya neno mir, ila zamani ilikuwa mer, yenye maana ya ukuu na sifa. Mtawala wa Kyiv aliyebatizwa mwaka 988 ndiye aliyelivumisha. Wapoland husema Włodzimierz. Denmark likawa Valdemar: mfalme Valdemar wa Kwanza, aliyezaliwa 1131, alipewa jina la babu wa mama yake, Volodymyr Monomakh.

Usihofie matamshi. Mkazo uko kwenye "dy", silabi ya pili kutoka mwisho kama ilivyo kwetu, hivyo mama yako atalitamka vizuri tu. Akiwa mdogo mwiteni Vova.